Sajini wa Zikri

Kazi ya mume wangu Mussagy katika zikri ilikuwa kupanga safu, kugawa kahawa na kumfinya mbavu yeyote anayejifanya amezidiwa na hali kumbe anataka tu kutazamwa. Cheo hicho katika tarika yetu kinaitwa shaushi. Alikipenda kuliko alivyonipenda mimi, nami sikuchoka kumwambia.

Vita vilipoanza, Wareno walisema Waislamu wote wa pwani ni watu wa Frelimo. Mwaka 1966 waliufunga msikiti wetu hapa Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, wakachukua karatasi yenye majina na vyeo vya wanazikri. Sipai Dauto, askari wao mweusi na mkalimani, baba yake alikuwa askari wa Mdachi kule Lindi, na kwa Wadachi shaushi alikuwa sajini. Basi akatafsiri hivyo hivyo: Sajini Mussagy. Mtu ambaye akichinja kuku hufumba macho akafungwa miaka miwili, eti ni kamanda wa msituni. Alirudi sikio moja limekufa kwa kipigo. Mimi sijawasamehe mpaka leo.

Mwaka 1970 mambo yakageuka. Sijui nani aliwaambia huko mji mkuu, Lourenço Marques, kwamba Mwislamu akibembelezwa hataingia msituni. Askari wale wale walikuja na ndoo za chokaa, wakaupaka msikiti walioufunga, wakapaka na mikeka. Mussagy akapewa redio, akaambiwa sasa yeye ni rafiki wa serikali.

Ungedhani aliyeonja jela angekuwa na huruma. Wapi! Alivimba kichwa. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na kaka yangu Abdulrahmani, kiongozi wa watu wa sukuti, wale wanaosema maiti apelekwe makaburini kimya kimya. Sisi wa zikri tunamsindikiza kwa sauti mpaka mbuzi wanakimbia. Wawili hawa waliwahi kubishana mbele ya jeneza tangu adhuhuri hadi alasiri, maiti anawangoja juani.

"Nakwenda kwa shefe," Mussagy akasema asubuhi moja, yaani kwa Mreno mkuu wa kituo. "Serikali sasa ni yetu. Iwakataze."

"Baba Rehema, yule ni kaka yangu!"

"Watakatazwa tu. Nani kasema watafanywa kitu?"

Nikajitupia kanga, nikamfuata.

Ofisini, Mussagy alieleza na Dauto akatafsiri: wako watu hapa wanapita kijijini safu kwa safu, hawatoi hata neno. Shefe akasimama. Miaka yote tulimtisha kwa kelele zetu, kumbe kimya kinamtisha zaidi.

"Anauliza," Dauto akasema, "hao wakimya wanapanga nini? Kiongozi wao nani? Gari la askari linaondoka leo, atakwenda nalo."

Niliutazama mdomo wa mume wangu. Jina la kaka yangu lilikuwa pale kwenye ulimi, ningeweza kulishika. Nikamwomba Mungu aichukue redio, anichukue na mimi, ila jina lile lisitoke.

Mussagy akafunga mdomo.

Shefe akauliza tena. Kimya. Akapiga meza. Kimya. Mtu huyu ambaye hata usingizini huvuta uradi kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta alikaa kama gogo, jasho linamtiririka.

Mwishowe shefe akacheka, akasema neno. Dauto akanigeukia, ameona haya.

"Mama Rehema, anasema wamempata. Kiongozi wa sukuti ndiye huyu."

"Huyu? Sukuti?" Nikacheka ofisini mle, machozi yananitoka, huku wanamtia pingu.

Kwa kuwa alikuwa rafiki wa serikali, hakupandishwa gari; walimweka siku kumi na moja pale pale kituoni, mpaka shehe wetu alipokwenda kuapa kwamba kijiji hakijawahi kuwa na mtu mwenye kelele kama Mussagy. Abdulrahmani ndiye aliyempelekea chakula. Siku ya kwanza kaka yangu alisimama dirishani na sahani ya wali wa nazi, hajui aanzie wapi.

"Shemeji," akasema, "walikuuliza jina langu. Kwa nini hukulitaja?"

Mussagy alitafuna kwanza, akameza.

"Usijipe kichwa," akasema. "Maiti anabebwa kwa zikri, na hilo tutagombana mpaka kiama. Lakini tutagombana mimi na wewe. Hawa hawamo."