Kiti cha Juu ya Tanuri

Mwoka mikate alikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na tatizo lilielekea kuwa lake. Mkewe alishapimwa, akaonekana hana kasoro yoyote. Sasa wote wawili walikuwa maabara wakisubiri majibu ya mume.

"Kaka, mbegu zako ni nyingi na zinaogelea vizuri," mpimaji alisema. "Lakini tumepima vinasaba vilivyomo ndani yake. Katika kila mbegu mia, arobaini na moja zina vinasaba vilivyokatikakatika. Joto linaweza kufanya hivyo. Kazini ukichoka unakaa wapi?"

Mwoka mikate akaona haya. Kwa miaka tisa alikuwa akipumzika juu ya tanuri, kwenye matofali ya moto, maana mgongo wake uliupenda ule uvuguvugu.

Mkewe akaangua kicheko. "Mume wangu wee! Kumbe kila siku ulikuwa unawaoka wanangu!"

"Shuka huko miezi mitatu," mpimaji akasema, naye akijikaza asicheke. "Mbegu mpya zikishakomaa, tutapima tena."

Akashuka. Wenzake wakambandika jina la Mfalme Aliyepinduliwa. Kipimo cha pili kikaonyesha kumi na mbili katika mia, na kabla mwaka haujaisha mkewe akashika mimba, akawa hataki hata kunusa mkate.

Gharama yote ilikuwa hii: vipimo viwili, miezi mitatu ya kusimama, mgongo uliouma kila jioni, na kiti kimoja ambacho sasa anakikalia paka.