Chupa na Kikopo Mezani kwa Tabibu

Wateja walimwita Vidole, maana alipokuwa akisuka, vidole vyake vilipita kichwani mwa mtu upesi kuliko macho ya anayetazama. Siku aliyotoka kliniki na majibu yake, vidole hivyo vilishindwa kufungua kufuli la saluni. Aliketi kizingitini, akamfikiria mumewe, dereva wa lori, na vile vidonge alivyokuwa akimeza siku alizokumbuka, akisema ni vya presha.

Jioni alipomuuliza, mume hakukana.

"Niliogopa utaniacha," alisema huku akitazama viatu vyake.

"Ukaona afadhali uniue taratibu."

"Nani kakuua, mke wangu? Mbona watu wanaishi."

Vidole alimtolea nguo zake mlangoni, akamfungia nje. Hakulia. Hasira ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki, haishuki wala haitoki. Nesi alikuwa amemweleza vizuri: dawa ya kuvimaliza virusi vya Ukimwi bado haijapatikana, lakini vidonge vitavituliza, atafanya kazi zake na atazeeka kama wenzake. Yeye alichosikia ni ile "bado" tu. Alitaka kupona kabisa. Na wala si kwa ajili ya kuishi, alitaka kupona ili siku moja amfuate yule mwanamume popote alipoegesha lori lake, amwambie, "Mimi nimetoka. Wewe baki humo."

Kiu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Tabibu.

Tabibu alikuwa na meza yake sokoni, kipaza sauti na chupa za dawa nyeusi kama lami. Sauti yake ilibembeleza. "Mwanangu," alimwambia pembeni, "hospitali wanaufungia ugonjwa ndani. Mimi nautoa. Lakini dawa yangu na yao hazikai tumbo moja. Za kwao ziache."

Akaziacha. Akanywa ile nyeusi, akatapika, akajiambia ndiyo ugonjwa unatoka. Sketi zikaanza kumvuka kiunoni, midomo ikatoka vidonda, kikohozi kikahamia kifuani na kujifanya mwenyeji. Bado alipokuwa akisuka aliyarudia kimoyomoyo maneno atakayomwambia Dereva, na utamu wake ulimtosha kwa siku nzima.

Asubuhi moja akaja mke wa Tabibu, mama mcheshi, kusuka nywele za harusi ya mdogo wake. Alipokuwa akitafuta simu mkobani, kikopo cheupe kilidondoka na kubingirika hadi miguuni pa Vidole. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduliwa. Vidole hakuihitaji, kikopo cha namna ile alikuwa nacho nyumbani, kimejaa, nyuma ya ndoo ya unga.

"Ni vya mzee," yule mama alisema, akikiokota haraka. "Anaona haya kupanga foleni, mimi ndiye tarishi wake. Akichelewa kumeza, nyumba haikaliki kwa kelele zake."

Vidole akamaliza msuko ule bila kukosea mstari hata mmoja. Mgeni alipotoka, alifunga saluni, akaenda nyumbani kuchukua vitu viwili.

Sokoni Tabibu alikuwa katikati ya maneno yake, watu wamemzunguka. Vidole alipenya hadi mbele, akaweka mezani chupa nyeusi, na kando yake kikopo cheupe. Njia nzima alikuwa amejiapiza kumtangaza, amvue nguo mbele ya soko zima. Sasa alimwona jasho likimchuruzika, na macho yamenasa kwenye kikopo, hayabanduki. Akajua kwamba akimtaja, watu watacheka ugonjwa, na uongo utasalimika.

"Jamani, mimi nina virusi," alisema. Wengi pale walimjua. Alikuwa ameshika vichwa vya wake zao. "Huyu aliniambia niache vidonge ninywe hii. Nitazameni nilivyo." Kisha akamgeukia. "Baba, chagua moja hapo uwe unakunywa maisha yako yote. Moja tu. Nyingine uiache kabisa, kama ulivyonifundisha."

Tabibu aliweka kipaza sauti chini. Mkono wake ulinyanyuka kuelekea ile chupa, kisha ukashuka.

"Kunywa basi, mzee," mtu mmoja nyuma akasema.

"Si dawa yako hiyo?" akauliza mama mmoja, na alikuwa ameshainunua, chupa ilikuwa mkononi mwake.

Hakunywa. Vidole alimtazama akikunja meza huku watu wakimrudishia chupa moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya majibu ule mwiba ukashuka. Utamu wa jambo lile ulimpa hata aibu kidogo.

Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kliniki. Nesi alimgombeza kama mtoto, kisha akamwanzishia matibabu upya, na ya kifua pia. Baadhi ya wateja hawakurudi. Wengine walikuja wakijifanya hawajasikia kitu. Nyama zikarudi mwilini polepole.

Dereva alipiga simu baada ya habari kumfikia huko njiani. "Nasikia unaendelea vizuri. Nirudi?"

"Meza vidonge vyako kila siku," alimjibu. "Usife. Nataka siku dawa ya kweli ikipatikana uwe hai, unione nikiwa wa kwanza kwenye foleni. Na usisimame karibu yangu."

Akakata simu, akamwita mteja aliyekuwa akingoja aje akae kitini.