Kadi za Mezani Zilizochovywa Chai

...na hii imekolea mno, Arlys aliwaza, imelala kwenye chai hadi imekuwa rangi ya kahawa ya kanisani, lakini Britta ndivyo anavyotaka, harusi yake iwe ya kizamani, kadi za majina za kuonyesha kila mgeni atakaa wapi zionekane zimetoka kwenye sanduku la bibi, basi unachukua karatasi mpya nzuri kabisa, unaizeesha kwa chai, unaikausha kwenye oveni, unachana kingo kwa rula, sisi tulihangaika vitu vionekane vipya, watoto hawa wanatafuta uzee kwa bidii... "Mama, usiizamishe sana kalamu, itadondosha," Britta alisema kutoka kwenye ubao wa pasi, akinyoosha vipande vya lesi, naye akamjibu, "Nilianza kuandika na kalamu hii hujazaliwa, piga pasi yako," wakacheka wote wawili, kicheko cha juu juu, maana tangu asubuhi walikuwa wanakwepa jambo moja, kwamba kadi za kizamani zina majina ya kizamani, mke anaandikwa kwa jina la mume, Bi. Harlan Quam, Bi. Orville Stenerson, lake mwenyewe halionekani, na Britta aliona inapendeza mpaka alipokumbuka mke mpya wa baba yake, ambaye kadi yake itasomeka Bi. Duane Tollefson, jina alilolibeba Arlys tangu alipoolewa hadi siku ile Duane alipopakia viatu na bunduki za kuwindia kwenye gari akaenda zake... "Hiyo nitaandika mimi, Mama," "Kwani mkono wangu una nini?" "Nakuomba siku moja tu ya amani, moja tu," na mtoto macho yamemjaa machozi, amekwishapanga yule mwanamke akae meza ya nyuma na mawifi zake, baba yake amenuna lakini amekubali, yote hayo ili mama asiumie, kana kwamba mama ni yai... na mama kweli alikuwa amewaza wino umwagike kwa bahati mbaya, bahati mbaya ya makusudi, Mungu amsamehe... akachovya kalamu, akaikung'uta, na hapo ukamjia ukumbi ule wa chini ya kanisa, Minnesota yote imefunikwa theluji, harusi ya rafiki yake Marjorie, yeye mwenyewe ndoa yake mbichi, anazunguka meza akitafuta kadi yenye jina lake, Arlys, Arlys, hamna, sahani za nyama ya nguruwe na viazi zinampita juu ya kichwa, Duane ameshakaa anatafuna, "We mama, unazunguka nini, kiti chako si hiki hapa," akaisoma, Bi. Duane Tollefson, joto likampanda hadi masikioni, la raha, asijidanganye, lilikuwa la raha, alikichukua kile kikadi akakificha ndani ya kitabu cha nyimbo, alimpenda yule mtu jamani, alimpenda vibaya... na mkono ulikuwa umeshamaliza, D yenye mkia mrefu, ile ya kadi za Krismasi miaka nenda miaka rudi, nzuri kuliko zote, hakuna hata tone, akaipuliza, akaibandika lesi, akaiweka kwenye sinia la meza ya wazazi, ubavuni mwa kadi ya Duane, kisha akanyoosha mkono kuchukua karatasi ya yule mke mpya.

"Mama," Britta alisema taratibu, pasi imesimama hewani, "hiyo uliyoweka hapo ni ya nani?"

Ya kwangu, ulimi ulikuwa tayari, ya nani tena, ya kwangu... akaitazama, aibu ikamshika, kisha huzuni, huzuni hasa, akaisoma tena pole pole, Bi. Duane Tollefson, na safari hii akamwona mwanamke mwingine anazunguka meza ya nyuma, amevaa vizuri, watu wote wanajua kwa nini amewekwa huko, mumewe yuko mbele anatafuna peke yake, na hakumchukia, alijikagua kama mtu anayepapasa jino lililokuwa linauma, hakumchukia.

"Ya Colleen," alisema, na jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake ndani ya nyumba ile. "Iache hapo hapo. Mtu hukaa na mumewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakaa upande wako. Angalia pasi, utaunguza lesi."

Britta akaishusha pasi, mvuke ukapanda, kwenye oveni karatasi nyingine zilikuwa bado zinakauka, na Arlys akavuta mbele yake moja iliyokwisha kauka, ya kwake mwenyewe, akafikiri kidogo aandike jina gani.