Makro ya Arobaini na Moja

Kiburi ninacho, sikatai, tena cha kugawia idara nzima kikabaki.

Miaka kumi na minne mimi ni karani wa kumbukumbu hospitalini. Fomu zote za matibabu nilizitengeneza mwenyewe kwa makro, vijiprogramu vidogo ndani ya kompyuta: unabonyeza kitufe kimoja, fomu inajijaza. Sikufundishwa na mtu. Kisha akaja fundi wa kompyuta, bwana mpole mwenye miwani, akatangaza kwamba makro zinapitisha virusi na zitafungwa zote. Fomu mpya zitatumia XML.

"Kila taarifa inawekewa alama yake, dada," akanieleza. "Hili jina, huu umri, hii dawa. Kisicho na alama hakitokei kwenye fomu."

"Na mimi nitafanya nini?"

Akacheka. "Utapumzika sasa."

Kupumzika! Lo, neno hilo lilinichoma mpaka usingizi ukaniruka.

Tulikaa wawili, mimi nikimtajia kazi za makro zangu, yeye akiandika. Nikataja arobaini. Ya arobaini na moja nikaimeza makusudi.

Hiyo niliiandika kwa ajili ya Mama Ndoo, msafishaji wa ofisi zetu. Jina hilo tulimpa sisi, naye akalipenda. Miaka sita nyuma alidungwa penisilini hapa hapa, koo likaziba, akaponea chupuchupu. Wiki ile ile nikaandika makro: mgonjwa mwenye mzio wa dawa, fomu yake itoke na mstari mwekundu juu kabisa, unaoitaja dawa hiyo. Madaktari wakazoea. Hakuna nyekundu, dunga.

"Mwanangu, umenifunga kengele shingoni," Mama Ndoo alinitania. Kila asubuhi aliniletea chai bila kuombwa, akiniuliza nitaolewa lini.

Nilijiambia, wiki moja tu. Fomu zitoke bila mstari, daktari mkuu agundue, apige kelele, waje wenyewe kunibembeleza. Hapo ningesema, "Ah, ule? Muulizeni mtaalamu wenu." Hata sauti nilishaifanyia mazoezi.

Siku ya nne ya fomu mpya Mama Ndoo hakuja na chai. Nikanuna kidogo. Saa nne muuguzi alipita kuchukua mafaili, akasema, "Mama Ndoo kalazwa. Alikatwa na bati juzi, kidonda kimeoza, homa imempanda, anaweweseka tu. Ndiyo wanamdunga sasa."

Nilikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi. Sindano ilikuwa imeshatoka mkononi mwa Mama Ndoo. Fomu ilikuwa kitandani, juu yake peupe kabisa. Alinitazama, sijui kama alinijua, na uso ule sitausimulia.

Baada ya mazishi tuliitwa mbele ya daktari mkuu. Fundi alishika karatasi yake. "Alinitajia arobaini. Huu mstari haumo."

Daktari mkuu akanigeukia. "Ulimwambia?"

Mungu wangu, nilikuwa na nafasi. Ilikuwa neno moja tu.

"Nilimwambia," nikajibu. "Nilimtajia arobaini na moja."

Fundi akavua miwani, akanitazama. "Dada?" Jioni ile alikusanya vitu vyake kwenye boksi, akapita mbele ya mlango wangu bila kugeuka.

"Tazama," daktari mkuu akaniambia, "bila wewe hapa hatuendi popote." Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyataka, yote, hakuna lililopungua.

Wakanikabidhi fomu mpya. Kuweka alama ya mzio kulinichukua dakika kumi na moja, na kujifunza kwenyewe humo humo. Nilihitaji faili la mtu mwenye mzio ili nijaribu, na la Mama Ndoo lilikuwa bado mezani. Nikabonyeza. Fomu ikatoka na jina lake, umri wake, na juu kabisa mstari mwekundu: penisilini, asidungwe.