Nafasi Moja ya Mke

1.

TANGAZO KWA UMMA
Wananchi wote waliojiandikisha kwa kadi za matibabu wanaarifiwa kuwa taarifa zao zimehamishiwa kwenye mfumo mpya kwa ufanisi mkubwa. Ambaye jina lake halionekani, hakujiandikisha.

2.

Alijiandikisha. Nyamizi ameishika fomu yenyewe mkononi, karatasi moja yenye alama ya dole gumba chini:

Jina: Kalunde Mihambo
Kuzaliwa: 1958
Mtaa: Isenga
Mume: Maganga Ntemi
Tatizo: macho

Fomu nyepesi hivyo, hata mtoto wa darasa la tatu angeielewa. Kutengeneza mfumo wa kuihamishia ndiyo ilikuwa kazi ya Nyamizi, yeye na digrii yake, miezi minne mizima.

3.

Wewe unayesoma, usiogope, si hesabu. Mfumo ni makasha ndani ya makasha:

Mkoa
    Wilaya
        Kata
            Mtaa
                Kaya
                    Mkuu wa kaya
                        Mke
                            Watoto

Kila fomu inashushwa kasha baada ya kasha mpaka ifike mahali pake.

Mke: nafasi moja.

Nani aliweka moja? Nyamizi. Baba yake alikuwa na mke mmoja, jirani yao mmoja, mchungaji wao mmoja. Hakumuuliza mtu. Aliandika mke kama mtu anavyoandika pua.

4.

Dirishani pa ofisi ya kadi, Jumatano asubuhi. Nyamizi amesimama nyuma ya karani, anasikia yote.

— Mama, hapa mke wa Maganga ni Shoma.

— Shoma ni huyu aliyenishika mkono.

— Ndiye mimi. Dada ndiye mkubwa, mimi nilikuja nikamkuta. Sasa nyie mmemtoaje?

— Sijamtoa mimi. Ni mfumo.

— Mfumo ndiyo nani?

Karani akajikuna shingo. Madaktari wa macho wamekuja hospitali ya wilaya kwa wiki moja tu, wanaondoka Ijumaa saa sita mchana, na bila kadi hawampasui mtu. Nyamizi akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akampa Shoma. Kalunde akauliza mlango uko upande gani.

4.

(Ndiyo, nne tena. Karatasi inabeba wawili bila shida.)

Ilivyokuwa ni hivi. Fomu ya Kalunde ilifika kwanza, ikakaa. Ya Shoma ikafika, ikakuta nafasi ni moja, ikakaa juu yake. Mfumo haukulalamika. Watoto sita wa Kalunde walikuwa ndani ya kasha la mama yao, wakaenda naye.

Wapi?

Hakuna wapi.

5.

Waliofutwa, kwa ufupi:

wake wakubwa: 2,114
watoto wao: hakuna aliyewahesabu
waliofika kulalamika: 31
waliojibiwa:

6.

KUTOKA: Mhandisi Lwitiko, Mkuu wa Kitengo
KWENDA: Nyamizi
Ripoti isomeke kuwa fomu zilijazwa kimakosa na wananchi. Saini Ijumaa kabla ya saa tatu asubuhi. Mfumo usiguswe bila idhini ya kamati. Kamati itakutana mwezi ujao.

Nyamizi akamfuata ofisini.

— Bosi, kosa ni langu.

— Nani kakuuliza? Mfumo umeshazinduliwa, wageni wameshapiga makofi. Wewe saini, uendelee na kazi yako.

Nyamizi alitoka kwa hasira. Mama haoni, fomu kajaziwa na karani wa serikali, halafu aambiwe kakosea kujaza. Na yeye, aliyekosea kweli, atunziwe kiti chake. Alijionea haya kuliko alivyomchukia Lwitiko, na kumchukia alimchukia sana.

7.

Marekebisho yenyewe ni mstari mmoja. Palipokuwa na mke, pawe na orodha ya wake. Kisha fomu zote zishushwe upya. Kazi ya muda wa saa tatu, basi.

Alhamisi alijaribu kwenye nakala ya mfumo.

Maganga
    Kalunde
        watoto sita
    Shoma
        watoto wanne

Akayasoma majina ya watoto mmoja mmoja, kwa sauti, peke yake.

8.

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Ripoti iko mezani, haina saini. Kwenye kioo cha kompyuta mfumo unauliza:

Taarifa zote zitaandikwa upya. Una uhakika?

                NDIYO            HAPANA

Simu ikaita. Shoma.

— Mwanangu, tuko hospitali. Wanasema asiye na kadi awapishe wenye kadi. Dada anauliza, tukae au turudi nyumbani?

Viatu vya Lwitiko vinasikika koridoni.

Nyamizi akabonyeza.

— Kaeni, mama. Kaeni hapo hapo, msimpishe mtu.