Arobaini na Saba

"Mimi siweki sahihi hapo," Seleyian alisema, akaisukuma karatasi hadi katikati ya meza.

Siku mbili walikuwa wamejifungia katika chumba hicho cha chuo, Kitengela, yeye na wenzake watatu, wakitafuta alama ya haki ya kufaulu mtihani wa mwisho wa wauguzi. Hakuwa msomi. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya Kimana, miaka ishirini na miwili ya kudunga sindano na kuzalisha, na ndiyo sababu alialikwa. Kwa kila swali walijiuliza: mwanafunzi dhaifu kabisa ambaye bado ungemwachia mgonjwa, hili angelijua? Walibishana, wakafuta, wakaandika upya. Hesabu ikatulia kwenye sitini na moja.

Ndipo Daktari Lennox, mkuu wa idara, akaingia na matokeo ambayo hawakupaswa kuyaona. Kwa sitini na moja, zaidi ya nusu ya darasa wangeanguka. Alikuwa ameshachapisha karatasi mpya: arobaini na saba.

Maundu, mwalimu wa siku nyingi aliyebishana kuliko wote, alisaini bila kuinua macho, kisha akachukua sambusa. Mafuta yakamchirizika kidoleni. Akayalamba. Seleyian akageuza uso.

"Mama, tusaidiane," Lennox alisema kwa upole. "Niko na kijana wenu hapa, Koinet. Ni wa Kimana, sindio? Amepata hamsini na nne. Utamrudisha nyumbani mikono mitupu?"

Siku Koinet alipozaliwa, Seleyian mwenyewe ndiye aliyempokea. Kijiji kizima kilishaanza kumwita daktari.

"Hata angekuwa wa tumbo langu. Akikosea dawa, nani atampelekea mama maiti ya mtoto wake? Mimi nimewahi kupeleka, Daktari. Walioanguka warudi wodini miezi mitatu, wafanye mtihani tena."

"Mahafali ni mwezi ujao. Wageni wameshaalikwa."

Lennox akatoka, akarudi na karatasi nyingine, ingali na joto la mashine. Nafasi za sahihi zilikuwa tatu. Jina la Seleyian halikuwepo.

"Asante kwa kuja," alisema, akitabasamu.

Kwenye bomba la uani Seleyian alinawa mikono, akanawa tena, ingawa hakuwa ameshika kitu ila kalamu.

"Yeyo!" Koinet alimjia mbio, koti jeupe limenyooshwa pasi. Akainamisha kichwa aguswe utosini, kama mtoto yeyote wa kwao anayemwamkia yeyo, mama. "Nimeskia leo ndio mnapitisha maksi. Kuko aje?"

"Umepita." Neno lilimtoka chungu. "Lakini Jumatatu uje zahanati. Miezi mitatu utasimama nyuma yangu. Hutashika dawa mpaka niseme."

Kijana hakuinua kichwa. Kiganja cha Seleyian kilibaki hewani juu ya nywele zake, kikichuruzika maji, tone baada ya tone, likilowesha kola ya koti.