Birika Lililobaki Hai

Kwa miaka mitatu katika studio ya katuni za kompyuta mjini Nagoya, Kanae Ushijima alikuwa amekabidhiwa viumbe wasio na magoti: ndoo, mwavuli, na sasa birika. Binadamu walikuwa mali ya mwenzake Sugaya, ambaye kipaji chake kikuu kilikuwa kucheka utani wa mwongozaji kabla haujaisha.

Birika lenyewe lilikuwa na wivu. Bibi wa kwenye filamu, tangazo la majani ya chai, alinunua la umeme, la zamani likanuna. Kanae alilifundisha kununa kwa wiki sita: kifuniko kikashuka kidogo, mdomo ukageukia ukutani.

"Mteja akiridhika," Bwana Todoroki, mwongozaji, alikuwa ameahidi, "filamu ijayo nitakupa mtu." Alilitamka hilo "mtu" kama mfalme anayegawa mikoa.

Asubuhi ya kumwonyesha mteja, Bwana Todoroki alishukiwa na ufunuo: bibi atembee kuelekea kulia. Kushoto kuna huzuni.

"Igeuze filamu nzima, kama kwenye kioo," akamwamuru Sugaya. "Ni kubofya mara moja tu."

"Akili hiyo, bosi!" Sugaya akabofya.

Kanae alitazama skrini, akanyanyuka kitini. "Bwana Todoroki, kimono ya bibi! Sasa upande wa kulia wa vazi umelala juu ya wa kushoto. Hivyo huvishwa maiti."

"Kanae-san, wewe ni mtu wa vyombo. Nguo za watu umezijulia wapi?"

"Kwenye mazishi ya shangazi yangu."

"Hakuna atakayeona."

Naam. Mteja, muuza majani ya chai, alikuja na mama yake, Bi Fusae, mwenye miaka themanini na sita, ambaye sura yake ndiyo aliyoazimwa bibi wa filamu. Taa zikazimwa. Bi Fusae akajiona akikatiza jikoni kwa tabasamu, amevikwa tayari kwa safari isiyo na tiketi ya kurudi.

"Kumbe nilishakufa," akasema. "Na nyie mmeninyamazia? Nani kaniosha?"

Sugaya akacheka mapema, kwa mazoea, kisha akagundua yuko peke yake.

Bwana Todoroki aliinama kuomba radhi hadi paji likakaribia meza. Kanae alimhesabia kimoyomoyo, kama katuni: picha kumi na mbili kushuka, kiuno kikitangulia, shingo ikifuata. Mwendo safi kabisa. Angekuwa ndoo, Kanae angempitisha.

"Inuka, mwanangu, damu itakujaa kichwani," alisema Bi Fusae. "Ila birika hilo kalifanya nani? Humo ndani lililo hai ni hilo tu."

"Ni Kanae-san," ilijibu meza, kwa sauti ya Bwana Todoroki. "Filamu ijayo nitampa mtu."

"Ijayo ya nini? Mimi maiti sina muda. Anifufue mimi."

Kanae akabofya mara moja; bibi akafufuka, akaelekea kushoto na huzuni zake. Kabla ya chakula cha mchana Kanae alikuwa amekabidhiwa magoti yake ya kwanza, mawili, yenye baridi yabisi. Sugaya alipewa ndoo, akaagizwa aifundishe kucheka kwa wakati.